Harusi ya Wheaton, Mama Yuko Moshi

Saa saba mchana, Jumamosi, Lusekelo Mwambene amepiga magoti chini ya meza ya keki. Amevaa suti nyeusi iliyopigwa pasi vizuri, lakini viatu amevivua, na soksi ya mguu wa kushoto imetoboka kisigino. Anabandika waya wa intaneti sakafuni kwa selotepu, taratibu, kama anayefunga kidonda.

"Mtu akijikwaa hapa," anasema bila kuinua kichwa, "Moshi kunakuwa giza."

Ukumbi ni wa kukodi, uko Wheaton, nje kidogo ya jiji la Washington. Moshi saa hizi ni saa mbili usiku. Huko, kwenye intaneti kafe ambayo mwenyewe amekubali kuchelewa kufunga, amekaa mama wa bibi harusi na kilemba chake kipya. Aliomba viza mara mbili, akanyimwa mara mbili. Binti yake, Violet, anaolewa leo. Njia aliyobaki nayo mama huyo ni tovuti ya Lusekelo, inayoitwa Ukumbini, inayorusha harusi na misiba ya watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja kwenye mtandao.

Siku za kazi Lusekelo hukaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari mtaa wa Shaw, akipokea tiketi na kuinua kizuizi. Wenye magari wengi hawamwangalii usoni. Akina mama wa Silver Spring, mji wa jirani, wanamwita "Mwanangu wa Kamera".

Wazo lilimjia kwa uchungu. Mwaka 2005 mama yake alifariki Tukuyu. Karatasi za uhamiaji za Lusekelo zilikuwa bado zinashughulikiwa. Angetoka, asingeweza kurudi. Akasikiliza mazishi kwa simu, kwa zile kadi za kukwangua.

"Jeneza linashushwa, nasikia kabisa udongo," anakumbuka. "Mara yule dada wa kwenye kadi akaingilia kwa Kiingereza chake kizuri, dakika zimekwisha. Nikabaki nimeshika simu jikoni."

Akajifundisha kutengeneza tovuti kwa vitabu vya maktaba. Kisha akaenda kutafuta mtaji. Alivaa hii hii suti, akavuka mto hadi Virginia kuonana na wawekezaji. Walimuuliza soko lake ni watu wangapi.

"Nikawaambia, ni kila mtu aliye mbali na mama yake. Walicheka vizuri tu, wakanipa kahawa. Halafu wakasema uchumi umekuwa mbaya, nirudi mwakani."

Aliyemwokoa ni Chelagat, Mkenya anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulea wagonjwa, na ambaye ni mwenyekiti wa upatu wa wanawake wa Silver Spring. Mwezi ule zamu ya kupokea ilikuwa yake. Alipokea, akampa Lusekelo anunue kamera.

"Hao wa Virginia walitaka kujua watapata faida gani," anasema Chelagat, akijipepea na sahani ya karatasi. "Mimi namwambia huyu, faida yangu ni nikifa unirushe mpaka Kericho. Na unipige kutoka upande huu wa kulia, ndio mzuri."

Mtaji ulikuwa taabu moja. Sheria ilikuwa nyingine.

Mwaka jana, kwenye harusi fulani, mpiga muziki Gitau alishika kipaza sauti akatangaza jina la kila wimbo, la mwimbaji wake, halafu na anwani ya tovuti, dunia nzima isikie. Alikuwa anatoa salamu, kama ilivyo kawaida ya harusi zetu. Lakini ilikuwa sawa na mtu kujipeleka polisi mwenyewe. Wenye haki za nyimbo wakalalamika, na kampuni inayohifadhi tovuti ikaizima katikati ya sherehe. Ikaonya kwamba lalamiko la pili litaifunga kabisa.

Wakili mmoja Mtanzania alimshauri bila malipo: asirushe muziki wa watu, na asimwonyeshe mtu asiyetaka. Ndiyo maana kuna meza mbili za pembeni ambazo kamera haigeukii kamwe. Wenye sababu zao wanazijua, wanakaa huko, wanakula wali wao. Hakuna anayewauliza.

Leo Gitau ameapa kwamba hataweka wimbo hata mmoja mpaka kamera izimwe. Hafurahi.

"Buda, bila ngoma, hii si harusi, ni matanga," anamnong'oneza.

"Gitau, ndugu yangu, ukinifungia tovuti nitakuja kulala kwako."

"Zii! Bibi yangu hatakubali."

Saa nane, milango inafunguliwa. Violet anaingia na bwana harusi, Clement. Na Gitau, kwa mazoea ya miaka, kidole chake kinakwenda chenyewe. Spika zinapasuka kwa wimbo ambao kila mtu anaujua.

Lusekelo anaruka. Anakata sauti ya matangazo kabla hata Gitau hajaguna, "Aki, sorry!" na kuzima spika. Simu ya Lusekelo inalia. Ni Moshi.

"Baba, sauti imekufa," anasema mama wa Violet. "Na picha imeganda. Namwona mwanangu mguu mmoja tu."

Intaneti ya kule ndivyo ilivyo: picha hukwama, sauti hupita. Lakini sauti ya nini sasa? Violet amesimama katikati ya ukumbi na maua yake, macho yameanza kulowa.

Chelagat anaweka sahani chini. Anainuka, anapiga kofi moja, anaimba wimbo anaoutunga papo hapo:

"Mama wa Violet, unatusikia?"

Wanawake wanadaka, "Tupo naye!"

"Huku Wheaton, amependeza!"

"Tupo naye!"

Vigelegele vinapasua dari. Hata kwenye meza za pembeni, ambako hakuna anayetaka kuonekana, watu wanaimba kwa nguvu kuliko wote. Lusekelo anarudisha sauti. Kisha anaiweka simu yake kwenye kipaza sauti cha ukumbi, na kutoka Moshi kinakuja kigelegele kimoja, kirefu, kimekwaruza kidogo. Violet anacheka huku analia. Clement anashindwa ampe leso au amshike mkono.

"Sasa hiyo," Gitau anakubali, "hakuna kampuni inaweza kudai."

Baadaye, akiwa anabandua selotepu, Lusekelo anasema harusi zote sasa atawaomba akina mama waimbe. Vile vile ana jambo lake. Desemba, baba yake atajengea kaburi la mama msalaba, na safari hii matangazo yatatoka Tukuyu kuja huku. Kamera ya pili tayari ameikabidhi kwa mtu anayesafiri kwenda huko.

"Siku hiyo sishiki waya wowote," anasema, akitafuta viatu vyake chini ya meza. "Nitavaa suti, nitakaa kwenye kiti kama mgeni. Nitatazama mpaka mwisho."