Makabati ya Inchi Ishirini na Nane

Kazi yangu ni kuchora makabati kwenye kompyuta. Karakana ipo Keko. Nje mashine zinakata bodi, ndani mie na feni tunagawana vumbi. Programu yenyewe ilitengenezwa na watu wa mbali kwa ajili ya makabati ya nguo, ila ukiibembeleza inachora na ya chini ya jikoni. Ina aina sita za rafu za chupa za mvinyo. Mbuzi ya nazi haina.

Kila kipimo nachukua mara mbili. Wateja hucheka. Wacheke tu, sijawahi kurudishiwa kabati.

Mama aliteleza bafuni kwake Chamazi, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikafa ganzi. Hospitali wakamrudisha kwenye kiti cha magurudumu. Miezi ikapita anakaa sebuleni, anakula alichopikiwa na mdogo wangu wa kike anayeishi naye, na kila sahani anaikagua kama askari anayekagua leseni. Huyu ndiye aliyekuwa akiitwa kupika misiba na harusi za mtaa mzima. Siku moja akaniambia, "Baba, mie sijafa. Nitengenezee jiko nipike mwenyewe." Tangu aanguke hakuwahi kuniomba kitu kingine.

Nikaenda Jumapili na tepu yangu. Nikamkuta kavaa kanga mpya, kanyooka kwenye kiti kama anapigwa picha. Nikapima kutoka sakafuni hadi juu ya goti: inchi ishirini na nne. Nikapima tena: ishirini na nne.

"Meza iwe ya inchi thelathini na mbili," nikasema. "Chini tunaacha wazi, magoti yapite."

"Thelathini na mbili? Napika au nauza baa? Ishirini na nane."

"Thelathini na moja, mama."

"Maisha yangu yote nimepika nimekaa kwenye kibao, chungu nakiona hadi tumboni. Leo uniwekee sufuria kidevuni? Ishirini na nane."

"Thelathini. Sishuki tena."

"Bodi ya juu na jiwe lake unene gani?"

"Inchi mbili."

"Basi kwa ishirini na nane yangu, chini inabaki ishirini na sita. Goti ishirini na nne, umepima mwenyewe, tena mara mbili. Zinazobaki mbili unataka kufugia kuku?"

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Alifungua mdomo, mama akamtazama, akaufunga. Nikaliona hilo, nikadhani wana ugomvi wao wa wali. Nikaandika ishirini na nane.

Kule karakana, programu ikanigomea. Kabati la chini bila mlango wala kitako ililipaka rangi nyekundu, kama vile nimekosea. Ina mchoro wa mwanamke wa kusimamisha jikoni ili mteja aone urefu. Nikatafuta namna ya kumkalisha, nikaambulia stuli za baa. Nikamfuta. Nikachora nafasi ya magoti, droo za sufuria pembeni, kila kitu mkono wa mama unapofika. Nikahakiki mara mbili, nikapeleka kukatwa.

Siku ya kwanza alipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Kiti kikaingia chini ya meza sawasawa. Akaniambia, "Fundi mzuri, ila kubishana hujui." Nilirudi Kiwalani kwangu nimeshiba kuliko siku zote za mwaka ule.

Baada ya miezi miwili mdogo wangu akanipigia simu. Alikuwa anambadilishia mama nguo, akaona shuka lina usaha. Kidonda kwenye makalio, cha kuingiza kidole gumba.

"Mto wake uko wapi?" nikamuuliza. Hospitali walimpa mto mnene wa kukalia, inchi tatu, kwa sababu asiyesikia nyama yake hajui inapooza.

"Uvunguni. Akiukalia magoti yanagonga meza."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kupima, kaka. Alisema hawezi kupimwa kama mgonjwa."

Mto ule nilikuwa nauona kila wiki. Siku ile haukuwepo, na mie mwenye kupima mara mbili nilipima mara mbili bila mto.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ungemwambia wewe? Mtu anapika anaimba."

Nesi alisema alale ubavu, asikae hata kidogo, na hakusema mpaka lini. Nilikaa kando ya kitanda.

"Mama, ungeniambia tu. Kupandisha meza ni kazi ya asubuhi moja."

"Ya kwako asubuhi moja? Mafundi nawajua. Ungeng'oa, ungesema subiri wiki mbili. Nilishasubiri vya kutosha."

Kwenye kompyuta nilifuta ishirini na nane nikaandika thelathini na moja, mchoro ukapanda kabla sijavuta pumzi. Chamazi nilipachika vipande vya mbao chini ya makabati, na kweli ilikuwa asubuhi moja. Sasa jiko liko sawa. Hajalikalia mtu. Mdogo wangu anapika kasimama, kajikunja, analalamika mgongo.

Mwanzoni mama alikuwa anaita kutoka chumbani, "Punguza moto, vitunguu hivyo." Na kweli vilikuwa vinaungua. Jumapili iliyopita sufuria nzima iliungua, moshi ukajaa nyumba, yeye hakuita. Nikaenda chumbani. Alikuwa macho, kaelekea ukutani. Nikamuuliza kama anasikia harufu.

Akasema anaisikia.