Mwanamke wa Nyuma Kwenye Picha

Harufu ya karatasi kuukuu iliyokaa kwenye unyevu ilinisimamisha juzi ndani ya duka la picha za kale, hapa Brussels. Nikaiona ukutani picha ile ile ya utotoni mwangu, mistari yake myembamba kama nywele: mji unawaka, mwanamume amembeba baba yake mgongoni na kumshika mtoto mkono, na nyuma kabisa kuna mwanamke, mdogo kama kidole. Muuzaji akaniambia ni hadithi ya kale, mji wenyewe ni Troya, na mke yule alipotelea kwenye moshi.

Papa, yaani baba yangu, hakuyajua hayo. Nakala yetu aliiokota kando ya takataka, akaitundika katika nyumba yetu ya Anderlecht, mtaa wa hapa hapa Brussels, akiamini imetoka kwenye Biblia. Yule mzee mgongoni, asiyekuwamo katika hadithi ya Biblia, hakumsumbua.

“Huyu wa nyuma ni nani?” nilimwuliza siku moja, nikiwa mtoto.

“Ni bibi ya Loti. Aliangalia nyuma, akageuka chumvi.”

Siku tuliyokimbia kutoka Bukavu, mji wetu wa zamani, nilimwona maman, mama yangu, akigeuka kurudi nyumbani kuchukua blanketi. Hatukumwona tena.

Kesho yake, baada ya jibu lile la papa, nilipanda kiti, nikalamba kioo cha picha pale alipokuwa yule mwanamke. Nilipogeuka, papa alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kazi. Nikangoja anigombeze.

“Iko na chumvi?” aliuliza polepole.

“Hapana, papa. Ni vumbi tu.”

Akakifuta kioo kwa mkono wa koti, akaendelea kukifuta hata kilipokwisha kung’aa.

“Bon, vizuri,” akasema. “Basi maman atakuya.”