Mbao za Nyange

Ukitaka kumwibia mtu vizuri, mwache kwanza akuonyeshe mwenyewe mahali alipoweka mali yake, tena kwa furaha, tena na chai juu. Ndivyo Jepkoech alivyoibiwa, na aliyemwibia alinyonya ziwa moja na yeye. Nasema kuibiwa. Wako watu huku Kitale wanaoona neno hilo ni kali, ati ng'ombe hakuwa wake. Wangoje nimalize.

Jepkoech alirudi kwa kaka yake Kipchirchir, pembeni mwa Kibomet, ndoa yake ya kule Suam ilipovunjika. Alirudi na mfuko mmoja wa nguo. Kipchirchir hakumfukuza, hilo tumpe. Alimpa jiko la zamani la marehemu mama yao alale, akamkabidhi na ng'ombe awaangalie. Kati yao kulikuwa na mtamba mmoja mweupe pe, ndiye Jepkoech aliyemwita Nyange. Siku moja Kipchirchir akasimama karibu na zizi, mkewe Linah yuko pale anapepeta maharagwe, wanunuzi wa maziwa wanangoja, akasema, "Huyu akizaa jike, jike wa kwanza ni wako. Uanzie hapo maisha yako." Ahadi ni deni, na Kipchirchir alikuwa hodari wa kukopa.

Jepkoech alimtaka huyo jike kuliko alivyotaka mume mwingine. Ng'ombe wake maana yake ni maziwa yake, na maziwa yake maana yake ni chumba chake, chenye mlango ambao hakuna mtu atasimama akimuuliza ataondoka lini. Kila alichofanya pale zizini alikifanya kwa ajili ya huyo ndama ambaye hajazaliwa.

Akaanza kuweka kumbukumbu. Daftari la kwanza Nyange mwenyewe alilila, jalada na yote. La pili Linah aliwashia moto. Basi akaamua kuandika kwenye mbao za ukuta wa zizi, pale pale anapokamulia, kwa rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka mlango. Mvua imeanza lini. Majani ya nepia yamekatwa lini. Nyange ameshika joto lini, amepandishwa lini, amekaushwa lini ili apumzike kabla ya kuzaa. Mwaka mmoja, ubao mmoja. Majirani walicheka sana, ati Jepkoech anafundisha ng'ombe kusoma. Lakini ni kwenye mbao hizo alipoona kwamba ng'ombe akizaa Januari, wakati ni mabua makavu tu, maziwa yanakuwa kidogo hadi aibu, na akizaa Aprili mvua ikishika, unatafuta ndoo ya pili. Akawa anampandisha Nyange Julai. Hata Thuo, jirani anayekuja kila asubuhi kuchukua maziwa ya kibanda chake cha chai, akaacha kucheka.

Nyange akazaa dume. Mzao wa pili, dume tena, na safari hiyo nusura afe. Alianguka baada ya kuzaa, masikio baridi, shingo ameikunja ubavuni, mpaka daktari wa mifugo akamtilia dawa ya kalsiamu kwenye mshipa. Homa ya maziwa. Jepkoech hakuandika jina la ugonjwa ule ubaoni. Alichora duara, akatia msalaba ndani, basi. Nyange alipopata mimba ya tatu, Jepkoech alikuwa na hakika kwamba ni jike. Hakika aliitoa wapi, hata yeye hajui.

Mwezi wa pili mwaka huu, jua linawaka na nyasi zimekwisha, Kipchirchir akaja zizini na mgeni. Mtu mnene, mpole, wa kutoka Sirisia kule Bungoma, jina lake Wekoye. "Huyu ni rafiki yangu, anafuga," Kipchirchir akasema. "Nimemwambia habari ya mbao zako. Hebu msomee."

Sasa fikiria. Miaka yote hiyo kaka yake hajawahi hata kuzitupia jicho zile mbao. Jepkoech akafuta mikono kwenye leso, akaanza. Akamsomea Wekoye ubao baada ya ubao, mvua, nyasi, mimba, kipimo cha ndoo. Akamwonyesha matiti ya Nyange, akamwonyesha miguu. Wekoye akawa anasema tu, "Ehe. Ehe, mama." Alipofika kwenye lile duara lenye msalaba, Jepkoech aliliruka. Mtoto wako humtaji kasoro yake mbele ya mgeni. Baadaye akapika chai ya maziwa ya Nyange, akampa na namba yake ya simu, kama atakuwa na swali lolote la ufugaji. Usiku huo alilala akiwa na raha. Alidhani kaka yake anajivunia.

Wiki iliyofuata akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano Bungoma. Jepkoech hakuwa na mpango wa kwenda, kwa kuwa Nyange alikuwa anakaushwa. Kipchirchir akamletea nauli mpaka mlangoni. "Enda uimbe, upumzike. Ng'ombe tutaangalia." Mtu ambaye hajawahi kumnunulia hata chumvi. Hapo ndipo angeshtuka, lakini ni nani anamshtukia ndugu yake akimtendea wema? Alienda, akaimba, hata akamwombea Kipchirchir kwa jina.

Aliporudi, alichoona kwanza si nafasi ya Nyange iliyokuwa tupu. Alichoona ni shamba la nepia, likionekana moja kwa moja kupitia ukuta wa zizi. Mbao zake zilikuwa zimeng'olewa. Misumari ilikuwa imebaki imepinda.

Linah alikuwa jikoni anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Wifi, mimi ningesema nini?" akasema bila kugeuka. "Mwenye boma akiamua, ameamua."

Kipchirchir alimkuta Jepkoech zizini, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Uliniahidi," Jepkoech akamwambia.

"Nilikuahidi ndama. Ndama hajazaliwa. Mimi nimeuza ng'ombe, na ng'ombe ni yangu."

"Na mbao?"

"Wekoye alisema bila hizo mbao hawezi kulipa ile bei. Kwani wewe si uliandika vizuri? Umetusaidia sana, haki."

Ndiyo sifa yake ya kwanza tangu arudi nyumbani, na ilimchoma kuliko yote. Kumbe yeye ndiye aliyemuuza Nyange, kwa mdomo wake na kwa mwandiko wake, na kaka mtu alikuwa amesimama pembeni akimsikiliza. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini huyu alingoja hadi nguo ifuliwe na ipigwe pasi. Jepkoech alilia siku hiyo na kesho yake. Kisha akaamka akakamua wale waliobaki, maana ng'ombe hawana kosa na hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Aprili mvua ikashika. Asubuhi moja anaosha ndoo, simu ikalia.

"Mama, mimi Wekoye wa Sirisia. Ile ng'ombe imezaa jana, sasa imelala, imekataa kuamka. Masikio iko baridi. Nimepigia ndugu yako, hashiki. Naangalia hapa kwa mbao, naona hii duara iko na msalaba. Ni nini?"

Jepkoech aliweka ndoo chini. Sitamsingizia utakatifu. Kulikuwa na sauti ndani yake iliyosema, nyamaza, afe, wote wawili wakose kama ulivyokosa. Naye Wekoye alikuwa anangoja, na nyuma yake ilisikika sauti ya ndama akilia njaa.

"Ni homa ya maziwa," akasema. "Hiyo alama niliiruka nilipokusomea. Ita daktari sasa hivi, amtilie kalsiamu kwa mshipa, polepole. Mkalishe kwa kifua, asilale ubavu. Na usimkamue maziwa yakaisha."

"Asante, mama. Mungu akubariki."

"Ndama ni nini?"

"Ni jike. Nyeupe yote, kama mamake."

Saa sita Wekoye akapiga tena kusema Nyange amesimama na anakula. Jepkoech akamshukuru, akakata simu. Wekoye hakuwa na kosa, alinunua alichouziwa.

Jumamosi hiyo Kipchirchir akaleta ng'ombe mpya, mweusi na mabaka, na mbao mpya zenye kunukia msitu. Akazigonga mwenyewe ukutani, akiimba. "Haya," akasema, "kazi yako hiyo. Anza upya." Alisema kama mtu aliyeleta zawadi.

Jepkoech akaenda kuchukua kopo la rangi. Akaandika ubao mzima, kwa herufi kubwa kuliko alizowahi kuandika: APRILI. MVUA IMESHIKA. NYANGE AMEZAA JIKE SIRISIA. WA JEPKOECH.

"Hiyo ufute," Kipchirchir akasema.

"Futa wewe. Zizi si ni lako?"

Hakufuta jioni ile, alidhani ni hasira itapita. Asubuhi rangi ilikuwa imekauka, na wanunuzi wa maziwa wamepanga vyombo vyao mbele ya ukuta. Thuo akainua macho, akasoma kwa sauti, neno moja moja, mpaka mwisho.

"Wa Jepkoech?" akauliza. "Si hiyo ndiyo ulimpatia dadako, Kipchirchir? Sasa iko Sirisia inafanya nini?"

Wote wakamgeukia Kipchirchir. Aliinama chini haraka, akashughulika na miguu yake kama mtu anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa gambuti za mpira. Jepkoech akachukua chombo cha Thuo, akampimia maziwa yake ya kila siku. Ndama alikuwa bado Sirisia.