Titi la Saa Nne

Felisian alimwogopa mwanawe, na msicheke. Mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi minne, lakini alipewa jina la bibi mzaa mama, Valeria, na mtu aliyezaliwa kijijini Kaoze akalelewa vizuri hamwambii mkwe wake anyamaze. Kwa hiyo Valeria alipolia saa sita usiku, akalia tena saa nane, akalia tena saa kumi, baba yake alimbeba akatembea naye chumbani, hatua tano kwenda, tano kurudi, akimbembeleza kwa adabu zote: pole mama, samehe mama, tumekukosea nini mama. Luciana, mkewe, alimnyonyesha, mtoto akasinzia, na baada ya saa mbili wakaanza upya. Baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita mnaijua. Kama hamuijui, mshukuruni Mungu.

Tabu ni kwamba Felisian alikuwa mtu wa mashine. Miaka ile ya ruksa, kila mwenye chake alipoachiwa afanye biashara, Mzee Maganga, Msukuma aliyeingia Rukwa na ng'ombe wengi, aliuza nusu ya kundi akanunua mashine ya kusaga, akaisimika mjini, mtaa wa Mazwi. Ufunguo alimkabidhi Felisian. Jamani, ufunguo ule! Aliuvaa shingoni kama padre na msalaba wake. Kabla ya hapo alikuwa kibarua wa kupalilia ulezi wa watu; tangu aupate, hata wajomba zake kijijini walimwita fundi.

Na sasa fundi analala kazini. Mara ya kwanza alisinzia amesimama, mahindi yakaisha, mashine ikasaga hewa mpaka mkanda ukakatika. Mara ya pili alisinzia chini ya mfuko unaopokea unga mdomoni mwa mashine, mfuko ukachomoka, na wanawake wa foleni wakamkuta mweupe kuanzia nywele hadi ndala, anakoroma. Mmoja alipiga ishara ya msalaba. Maganga hakugomba. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliotisha: "Mbili hizo. Ya tatu, nipe ufunguo wangu."

Felisian akamweleza habari za Valeria. Mzee alisikiliza, akatema mate pembeni, akasema watu wa mjini hawajui kufuga. Ndama aliyenyonya jua likizama lazima alie kabla hakujakucha, maana njaa haina adabu. Lakini ukimsogeza tena kwa mama yake pale watu wanapokwenda kulala, anatulia mpaka asubuhi. Akaonya kwamba mtoto asiamshwe, anyonye humo humo usingizini, taa isiwashwe wala neno lisisemwe.

Luciana aliposikia mwanawe amefananishwa na ndama alinuna siku mbili. Siku ya tatu usingizi ukaishinda hasira. Valeria alikuwa amelala tangu saa mbili. Ilipokaribia saa nne, majirani wakizima taa, mama yake alimwinua taratibu gizani, akampa titi, naye akanyonya amefumba macho. Felisian, kwa aibu ya kumlisha mkwe bila hodi, aligeukia ukutani. Usiku huo Valeria aliamka mara mbili. Uliofuata, mara moja. Usiku wa tano, kimya.

Kimya hicho ndicho kilichoharibu mambo. Nyumba ile ya kupanga ilikuwa na vyumba sita, na hakuna aliyekuwa na saa inayokwenda. Ya nini, na Valeria yupo? Kilio chake cha saa kumi ndicho kilichomwamsha Kalista wa chumba cha pili akakaange maandazi, na ndicho kilichomwamsha Felisian mwenyewe. Asubuhi hiyo jua liliingia dirishani likamkuta fundi amelala chali, mdomo wazi, na mkwe wake anauvuta ufunguo shingoni mwake. Uani Kalista alikuwa akiwaka. Wanafunzi wamekwisha pita, unga uko kwenye ndoo, na yeye anataka kujua nani aliyewaruhusu kumnyamazisha mtoto wa watu wote bila kuwashauri majirani.

Felisian alikimbia, Luciana nyuma yake na Valeria mgongoni, awe shahidi. Mashineni foleni ilifika barabarani. Maganga alikuwa amesimama mlangoni, amenyoosha mkono, kiganja wazi. Felisian aliiona Kaoze, aliliona jembe, aliwaona wajomba wakimwita Felisian tu. Akauvua ufunguo.

"Shikamoo mzee," alisema. "Mtoto kalala mpaka asubuhi."

Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja mwenye macho mekundu na mtoto mgongoni akalitua beseni lake.

"Mpaka asubuhi?"

Basi yakawa mengine. Walimzunguka Luciana: saa ngapi hasa, titi la kulia au la kushoto, na kama mume halali bila koroboi kuwaka, je? Luciana akawaambia wamuulize mwenye dawa, huyo hapo mlangoni. Wakamgeukia Maganga, shikamoo zikammiminikia, na mzee akabaki na kiganja chake hewani. Kumfukuza mtu kwa kulala kulikuwa ni kuikana dawa yake mbele ya wateja thelathini. Mwishowe akakishusha kiganja juu ya kichwa cha Valeria, akampapasa, akamwambia Felisian avae ufunguo wake. Ila kuanzia kesho, akasema, yeye Maganga atakuwa hapa kabla ya majogoo, kumsubiri.

Felisian naye akajitafutia dawa. Saa nne, mkwe akinyonya, yeye alikunywa vikombe vinne vya maji. Kibofu hakijui heshima. Saa kumi kamili kilimtoa nje, na akishatoka alimgongea Kalista mlango. Kila alfajiri alimkuta mzee amekwisha fika, amejifunga blanketi, anamtazama. Wiki nzima Felisian alifanya kazi roho mkononi.

Jumatatu alifika giza bado halijaondoka, akashangaa. Foleni hakuna. Hata beseni moja. Akasikiliza: Mazwi nzima hakuna mtoto anayelia. Wateja wake wote walikuwa wamelala. Na pale barazani, juu ya magunia, ndani ya blanketi, mwenye mashine alikuwa anakoroma.

Felisian hakumwamsha. Aliketi mbele yake, ufunguo shingoni, akangoja kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu Valeria azaliwe. Jua lilipompiga mzee usoni, akafumbua macho.

"Shikamoo mzee," Felisian alisema kwa upole. "Moja hiyo."