Tunda Bora la Huduma Yangu

Katika kanisa letu mchungaji hupimwa kwa wabatizwa. Hakuna anayesema hivyo waziwazi, lakini kwenye mkutano wa mwaka aliyebatiza wengi huitwa mbele kutoa ushuhuda, na wengine hukaa nyuma wakijifanya wanatafuta andiko. Mimi nilikaa nyuma miaka miwili. Nilikuwa nimepelekwa Itiryo, huku Tarime, nikitokea chuo cha Biblia na kichwa kikubwa kuliko kanisa nililokabidhiwa. Kwetu ni Nyansurura, upande wa Serengeti, nami ni Mkurya wa kuzaliwa, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba mila za watu wale zilinipita. Nilizijua vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mwaka wa tatu bibi mmoja mjane aliomba ubatizo. Alikuwa na mabinti wawili walioolewa Kenya, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwetu nyumba isiyo na mwana wa kiume huhesabiwa kuwa imekufa, ndiyo maana mila ikampa mama wa namna hiyo mlango wa kutokea: anatoa ng'ombe, anaoa binti, binti anazaa na mwanamume amtakaye, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama. Tunaiita nyumba ntobhu. Hakuna mambo ya kitandani kati yao. Ni mama mkwe na mke wa mwana, ila mwana mwenyewe hayupo. Bibi huyu alikuwa ameoa hivyo, na nyumbani mwake mlikuwa na yule binti na watoto watatu.

Chuoni tulifundishwa kwamba ndoa hiyo ni dhambi, na mwenye nayo habatizwi mpaka aivunje. Nilikwenda kumweleza. Nilimkuta uani akipepeta ulezi, nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikafungua Biblia yangu ya zipu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha ungo wake.

"Sasa mura," aliniambia, kama kijana anavyoitwa kwetu, "nikimfukuza huyu, maji atanichotea nani?"

"Kanisa, bibi. Kanisa ndilo litakuwa watoto wako."

"Hilo kanisa lina miguu?"

Nilicheka. Nikamjibu kwamba lina miguu mingi kuliko mkwe mmoja.

Alifikiri wiki tatu, kisha akakubali, kwa sababu aliniamini. Ng'ombe hawakurudi, baba wa binti alikuwa ameshawatumia kumwolea mwanawe. Wajukuu kimila walikuwa wa bibi, lakini angewalisha nini peke yake? Aliwaacha wamfuate mama yao. Wakaenda Ikoma, kwa shangazi wa yule binti, na huko akapata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ya watalii. Siku walipoondoka nilikuwepo, nimevaa suti. Yule mkubwa, msichana, alikuwa amembeba kuku kwapani. Bibi alishika nguzo ya mlango. Nami, Mungu anisamehe, niliwaombea safari njema.

Nilimbatiza mtoni, askofu akiwepo, na picha zikapigwa. Mwaka ule niliitwa mbele, si kwa idadi bali kwa habari ya bibi huyu. Ukumbi ulikuwa na wageni kutoka ng'ambo, na mkalimani aliponitafsiri niliona nyuso zao zikibadilika. Walielewa kwamba nimewatenganisha wanawake wawili waliokuwa wapenzi. Walisimama, wakalia, wakapiga haleluya. Ingetosha sentensi moja kuwasahihisha. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa, nikaimeza, kwa sababu makofi yalikuwa matamu na sikuwa nimewahi kupigiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya hapo nilialikwa semina huku na huku kusimulia habari ile ile, na kila mara niliinogesha kidogo.

Miezi ya mwanzo akina mama wa kanisa walimchotea bibi maji kwa zamu. Halafu palizi ikaanza, kila mmoja akageukia shamba lake. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Wao hawakumwahidi kitu. Aliyeahidi alikuwa kwenye semina.

Bibi alikosa ibada Jumapili moja, akakosa na ya pili. Niliudhika. Niliogopa watu watasema tunda langu bora limeoza, na habari zimfikie askofu. Basi Jumapili ile ya pili nikahubiri juu ya mke wa Lutu aliyegeuka nyuma. Nilisema wapo kati yetu ambao mioyo yao imerudi ilikotoka. Sikutaja jina, lakini kila mtu aligeuka kutazama mahali alipozoea kukaa.

Kesho yake jirani aliyekuwa akitafuta mbuzi wake aliyepotea alichungulia mlangoni kwa bibi. Alimkuta sakafuni, paja limevunjika, dumu la maji limelala tupu kando yake. Alikuwa bado anapumua. Alifariki hospitalini kabla mabinti zake hawajavuka mpaka wa Sirari. Daktari alisema alikuwa amelala pale siku kadhaa. Kwa hiyo nilipokuwa nahubiri juu ya mke wa Lutu, bibi alikuwa hai, kwenye udongo, akisubiri miguu ya kanisa. Nimejaribu kulitazama jambo hilo kwa namna nyingine na sijaweza.

Mabinti walimpigia simu yule mkwe, akaja kutoka Ikoma na watoto wote watatu. Hakumuuliza mtu ruhusa. Aliosha mwili, akafagia ua, akawasha moto jikoni. Mimi nilikuwa pembeni na katibu tukiandaa wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini, na tulikwama pale panaposema ameacha nani. Askofu aliinama sikioni kwangu.

"Andika mabinti wawili. Ile nyingine ilivunjwa. Usiharibu ushuhuda."

Yule binti alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Aliniamkia kwa heshima, kama alivyolelewa.

"Mchungaji, sisi umetuandika?"

Akaitazama karatasi.

"Wewe unajua bibi alikuwa hajui kusoma. Ile Biblia nilikuwa namsomea mimi, kila jioni, tukishakula. Hata kanisani ni mimi nilimwambia twende. Akaogopa watu watamcheka, nikamshika mkono."

Ndipo nilipomkumbuka kanisani. Benchi la nyuma, kando ya bibi, akinyonyesha. Miaka miwili alikuja, na sikuwahi kumuuliza kama naye anataka kubatizwa, kwa kuwa nilikuwa nimeshamhesabu kuwa ndiye dhambi yenyewe. Tunda nililolizungusha kwenye semina zote zile alilipanda yeye, akalimwagilia, na mimi nikamfukuza shambani. Nilitaka ardhi inimeze.

Niliandika, na makaburini nikasoma kwa sauti: ameacha mabinti wawili, mkwe mmoja na wajukuu watatu. Askofu alitazama viatu vyake. Tangu siku ile sijaitwa mbele tena, na sisemi hivyo kujisifu. Kusoma mstari mmoja wa kweli juu ya jeneza ni kazi rahisi. Kuchota ndoo moja ya maji kungekuwa huduma.

Baada ya mazishi nilimfuata alikokuwa akiwakusanya watoto. Nilimwomba msamaha. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayepokea salamu. Nikaona hiyo haitoshi, nikamwambia mlango uko wazi, kwamba Jumapili yoyote atakayopenda nitambatiza mwenyewe.

Aliacha kumfunga mdogo viatu, akaniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kujua kweli.

"Na mimi, Mchungaji, mtaniambia nimfukuze nani?"