Pima Kwanza na Mashine ya Mama

Kazini kwake, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, walimwita Pima Kwanza, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka ishirini na sita alitengeneza mashine za kufulia na kukaushia, na kila fundi mpya aliyepita mikononi mwake alisikia maneno yale yale asubuhi mpaka jioni: pima kwanza, ndipo uguse. Na ole wake atakayekutwa ameruka fyuzi, akaunga waya moja kwa moja ili mashine iwake haraka haraka. Huyo alisemwa mpaka wapita njia wakamwonea huruma. Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na sababu, maana moto hauna mzaha.

Sasa mtu wa namna hiyo, hebu sikia alichomfanyia mama yake mzazi.

Mama aliishi na binti yake wa mwisho, aliyeitwa Kitinda tangu utotoni mpaka leo kichwa kimeanza kuota mvi. Mama hakuwa wa kutoka kitandani tena. Shuka zake zilibadilishwa mara tatu, mara nne kwa siku, na mvua za mwaka ule zilikuwa hazijui kupumzika, kwa hiyo kamba za nje zilibaki mapambo. Tegemeo lao lilikuwa mashine kuukuu ya umeme ya kukaushia nguo, iliyosimama kwenye korido karibu na jikoni. Siku ilipoanza kuzunguka bila kutoa joto, Kitinda akampigia simu kaka yake.

Kaka mtu alikuja Jumamosi mchana, yuko njiani kwenda harusini, amejipigilia suti mpya ya kijivu. Akafungua kifuniko cha nyuma, akapima, na ugonjwa ukaonekana hapo hapo. Fyuzi ya joto, kile kidude kidogo kinachokata umeme mashine ikipata moto kupita kiasi, ilikuwa imekatika. Na haikukatika bure. Bomba la kutolea hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi la nguo, na lilipita nyuma ya kabati la vyombo, zito kama nini. Kulisafisha kulitaka kutoa vyombo vyote, kusukuma kabati na kulala kifudifudi sakafuni. Akaitazama suti. Akatazama saa. Halafu Pima Kwanza akang'oa fyuzi, akachukua kipande cha waya, akaunga moja kwa moja, akarudisha kifuniko. Jumatatu, alijiambia, nitakuja na fyuzi mpya na nguo za kazi.

Joto likatoka. Kitinda akaweka viganja juu ya shuka iliyokauka, akacheka, akamwambia bila yeye wangeumbuka. Kaka mtu akapokea sifa, akamwonya tu asiijaze sana, akaenda zake harusini. Jumatatu ikapita. Ikapita na ya pili, na ya tatu. Hakukusudia ubaya, alisahau tu, kama mtu anavyosahau kitu ambacho hakimuunguzi yeye.

Moto ulianza alasiri, Kitinda akiwa anamlisha mama. Alinusa, akatoka, akakuta korido imejaa moshi. Mwanamke mwenyewe mwembamba, lakini alimbeba mama mgongoni akapita naye kwenye mvua mpaka kwa jirani, kisha akarudi kuchomoa plagi iliyokwisha anza kuyeyuka. Kiganja cha kulia kikaungua. Majirani wakamalizia kwa mablanketi yaliyolowa.

Kaka mtu alipofika, ungetegemea aulize kwanza mama yuko wapi. Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mashine, akafungua kifuniko kikiwa bado cha moto, akatoa kile kipande cha waya, akakitia mfukoni. Ndipo akaenda kwa jirani kumwona mama. Hapo mpaka leo ukimgusa, hana pa kuuweka uso wake.

Jumapili wakakaa kikao: shangazi, mke wake, binamu wawili na yeye. Kitinda, mkono umefungwa bandeji, akasema kosa ni lake, aliijaza mashine mablanketi mawili na hali alikwisha kuonywa. Akaomba radhi kwa kila mmoja. Mwisho akamgeukia kaka yake, akamwomba msamaha kwa kumharibia kazi ya mikono yake. Wote wakamtazama fundi. Ukweli ulikuwa umemfika kooni. Akakohoa.

"Basi, yameisha," akasema. "Nimekusamehe."

Shangazi akakata shauri kwamba mama ahamie kwa kaka mtu Jumamosi, Kitinda amechoka na aliyechoka siku moja atawachomea mtu ndani. Hakuna aliyebisha. Kitinda, aliyeacha cherehani yake miaka sita iliyopita ili amtunze mama, aliinamisha kichwa akasema sawa.

Wiki ile chakula kilimshinda kaka mtu. Kazini alimkuta fundi mmoja ameruka fyuzi. Akafungua kinywa, akakifunga, akaondoka. Mafundi wakaulizana kama mzee anaumwa. Alikuwa anaona aibu, basi, aibu ya kumfanya mtu akwepe kioo anaponyoa ndevu. Na bado alikaa kimya, maana jina lake lilimwuma kuliko mkono wa dada yake.

Jumamosi alikuja na mkewe kumchukua mama. Kitinda alikuwa amekwisha kufunga vifurushi, akawa anamwelekeza wifi yake. Mama hulala ubavu wa kushoto. Mlango usifungwe, huogopa. Akiita "mama" usiku, msidhani anaota, huwa anamwita Kitinda, kwa hiyo mtu aitike tu.

"Na mashine yenu, wifi," akamalizia, "msije mkaijaza kama nilivyofanya mimi."

Kaka mtu akaketi juu ya kifurushi.

"Kosa si lako," akasema. "Fyuzi niliitoa mimi. Niliunga waya kwa sababu sikutaka kuchafua suti. Na siku ya moto nikautoa, nikauficha."

Mkewe akaweka chini alichobeba. Kitinda hakupiga kelele, na kaka yake angetamani apige, amtukane, amtoe nje.

"Pale kikaoni," akauliza, "nilipokuomba msamaha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukanisamehe."

Kitinda akaanza kufungua vifurushi kwa mkono wa kushoto, akirudisha nguo za mama kabatini moja moja. Wifi akamsaidia bila kumtazama mumewe.

"Waite wote waliokuwepo," Kitinda akasema, bado amempa mgongo. "Ulinisamehe mbele yao. Uje uniombe msamaha mbele yao."

Kaka mtu akatoka na simu mpaka koridoni, ukuta bado mweusi kwa masizi. Shangazi akapokea upesi, akauliza kama mama amekwisha fika salama.

"Mama haondoki, shangazi," akasema.

Shangazi akashusha pumzi. "Kitinda kafanya nini tena?"

Akaegemea ukuta, akaanza kumweleza.