Kalamu Nyekundu ya Getini

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini Mama Kalamu alikuwa akizitafuta. Alikuwa mlinzi wa jengo nilikokodi meza ya kazi, ghorofa ya tatu, na hakuna aliyepita getini kwake bila kujaza daftari: jina, saa, umebeba nini, umekuja kufanya nini. Kalamu yenyewe aliifunga kwa uzi mezani, kama mbuzi.

"Mama, si unanijua? Jana tu nilikuwa hapa!"

"Ya jana ni ya jana. Andika."

Siku za kazi nilikuwa nimeajiriwa kwenye kampuni ya kutengeneza programu za maduka. Jumamosi na Jumapili nilikuja pale kuandika programu yangu mwenyewe, ya kuwakumbusha wafugaji wa kuku tarehe za chanjo kwa simu. Basi, ili kumkomoa yule mama, kwenye safu ya sababu nikawa naandika upuuzi. "Kumkimbia mama mkwe." "Kuiba umeme." "Kutafuta mchumba." Naye anavaa miwani, anavuta daftari upande wake, na mimi nimeshapanda ngazi nikicheka peke yangu.

Watu wa jengo walinieleza kisa chake. Alitunza stoo ya kiwanda miaka kumi na tisa, hadi siku lori la sabuni lilipoandikwa limeingia, kumbe wapi! Aliyeandika alikuwa mwingine, lakini saini ya chini ilikuwa yake, akafukuzwa yeye. Ndipo akaja getini na kalamu mbili: ya bluu ya wageni, na nyekundu yake mwenyewe.

Mwishowe niliacha kazi, nikasajili kampuni yangu kwenye meza ile ile, wafugaji mia nne wakajiunga. Haukupita mwezi, bosi wangu wa zamani akaniletea barua: programu ni mali yake. Mkataba wangu wa ajira ulisema chochote nitakachobuni katika saa za kazi, au kwa vifaa vya ofisi, ni cha ofisi. Nilikuwa nimeusaini bila kuusoma. Nani anasoma mkataba akiwa na njaa ya ajira? Nililia, sifichi. Wikendi zangu zote za miaka miwili!

"Saa zako, kompyuta yako, sawa," wakili wangu akasema. "Ushahidi uko wapi?"

Tarehe za kwenye mafaili, upande wa pili walishadai zinaweza kubadilishwa. Laptopu yenyewe ilishakufa. Likabaki daftari la getini. Nikashika kichwa. Mdomo huponza kichwa, na mimi nilikuwa nimejiponza kwa maandishi.

Nikamwendea Mama Kalamu macho chini. "Mama, yale madaftari ya zamani..."

"Yapo yote. Mali bila daftari hupotea bila habari." Akayatoa kabatini, kumi na moja, hakuniachia hata moja. "Nitayapeleka mwenyewe."

Siku ya usuluhishi alikuja na sare iliyopigwa pasi, madaftari kwenye kikapu. Msuluhishi, mzee asiyecheka ovyo, akafungua la juu na kusoma kwa sauti: "Jumapili, saa tatu na robo asubuhi. Sababu ya kuja: kuiba umeme."

Bosi akatabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Chini yake pana maandishi mekundu," msuluhishi akaendelea. "'Si kweli. Amekuja kuandika programu ya kuku. Kompyuta yake mwenyewe, kifuniko kimepasuka, ameibandika picha ya jogoo. Ametoka saa kumi na moja jioni.'" Akafunua ukurasa. "'Kumkimbia mama mkwe.' Nyekundu: 'Hana mume. Programu ya kuku. Kompyuta ile ile.'"

Chumba kizima kikaangua kicheko, hadi wakili wa bosi.

"Ulijuaje anachofanya huko juu?" wakili huyo akamwuliza.

"Napita kila ghorofa kukagua, namwuliza. Huyu ukimgusia kuku wake, hanyamazi."

Wikendi baada ya wikendi, maandishi mekundu yalikuwa yale yale, na hadi nilipoacha ajira hapakuwa na hata siku moja ya kazi. Kabla ya saa sita mchana bosi alisaini kwamba hadai kitu.

Nje nilimkumbatia yule mama nikalia tena, safari hii kwa furaha. "Mama, mbona ulihangaika hivyo, na mimi nakudhihaki?"

"Nani kahangaika na wewe? Chini ya kila ukurasa pana saini yangu. Uongo wako nikiuacha pale, unakuwa wangu. Lile lori lilinitosha."

Jumatatu nikafika getini, nikashika kalamu ya bluu bila kuambiwa. Sababu ya kuja: "Kumshukuru Mama Kalamu." Akavaa miwani, akasoma, akasoma tena. Akachukua nyekundu, akaandika: "Ni kweli." Kisha akaongeza: "Na kufanya kazi. Amechelewa dakika ishirini."